Pazia Ndani ya Selika

Bujonde, Kyela
8 Septemba 1996

Mwanangu Ipyana,

Ugonile, umelalaje. Kabla hujauliza habari za mpunga, jua kwanza kwamba jana baba yako ameyashinda magari yanayokimbia kuliko yote katika wilaya hii. Kutoka Kyela mjini mpaka mpakani Kasumulu, kila nilipotazama, yalikuwa nyuma yangu. Skailaini ya Oscar ilikuwa nyuma. Subaru nyeupe ya yule Mmalawi wa Karonga ilikuwa nyuma. Watu walisimama barabarani wakashika vichwa. Sasa kaa chini, upumue, nikupe salamu.

Mama yako hajambo. Goti lake la kushoto linauma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo tumeacha kusikiliza utabiri wa redio. Atuganile na watoto wako hawajambo, nimeambiwa. Ng'ombe mwenye pembe moja amezaa jike. Kokoa imekauka vizuri, magunia sita, ila nimeyatoa bandani na kuyasukuma chini ya kitanda chetu. Mama yako anasema usiku anaota chokoleti, ingawa chokoleti yenyewe hajaionja tangu azaliwe.

Utauliza kwa nini nimetoa magunia bandani. Nimeyatoa ili mlango ufunguke. Na mlango umefunguliwa ili gari lako, ile Selika, litoke.

Usirukie kalamu. Sikiliza. Tangu biashara ifunguliwe, vijana wetu wanaopeleka mchele Malawi na kurudi na vitenge wamepata hela, na badala ya kujenga wamekwenda bandarini huko kwenu kununua magari ya Kijapani. Na si pikapu za kubebea ndizi, la. Wananunua yale mafupi yanayopiga mluzi ukikanyaga mafuta, yanayoburuza tumbo kwenye kila dimbwi la Kyela, nasi madimbwi ndiyo mali yetu. Wameunda chama: Umoja wa Wenye Magari ya Kasi ya Kijapani. Mwenyekiti ni Sylvester, yule mnunuzi wa mpunga, mwenye Galanti ya bluu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanakutana kituo cha mafuta, wanaosha, wanafungua boneti na kuchungulia injini za wenzao kama sisi tulivyokuwa tunakagua ng'ombe wa mahari. Kisha wanakwenda Kasumulu kula samaki, wanarudi. Mimi ni mwanachama namba tisa. Jina langu limeandikwa kwa wino.

Hapo mama yako amesoma barua hii juu ya bega langu, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Anasema niandike ukweli au hatanipa bahasha. Basi, ukweli: tulikuwa wa saba kati ya magari tisa. Sita yalikuwa mbele. Lakini mimi sikuyaona, na kitu nisichokiona siwezi kukitolea ushahidi.

Baba yako, mwanachama,
Israeli Mwansasu


Dar es Salaam
30 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie na Mama shikamoo. Mimi ni mzima, karakana ya shirika ina kazi nyingi, malori yanakuja yamechoka kuliko madereva wake. Barua hii naiandika kwa karatasi ya ofisi, karani akiangalia pembeni. Kalenda ya mwaka ujao wakishaichapa nitakutumia kama kila mwaka, ile yenye picha ya lori.

Baba, barua yako nimeisoma nimesimama. Niliiacha Celica juu ya matofali, betri imefunguliwa, ufunguo nimemwachia Atuganile. Wewe hujui kuendesha. Mara ya mwisho kushika usukani ilikuwa wa trekta la ushirika, na lile trekta liliingia mto Kiwira likiwa na mchungaji juu yake. Nani anaendesha?

Atuganile ndiye peke yake hapo nyumbani anayejua, nilimfundisha mwenyewe, na leseni anayo. Lakini yeye haiwezekani. Tangu nimuoe miaka tisa iliyopita, akikuona njiani anaingia kwenye migomba mpaka upite. Jina lako hajalitamka hata siku moja. Mila yetu unaijua kuliko mimi: mkwe na baba wa mumewe hawaonani, hawasemezani, sembuse kukaa ndani ya gari moja lenye milango miwili. Na barua yake ya wiki iliyopita inasema watoto wazima na mchele umepanda bei, basi. Hakuna neno la gari.

Na kwa nini magari yote unayaona nyuma tu? Umeniandikia hata rangi ya Subaru ya yule wa Karonga. La mbele hata moja hukuliona?

Nakuomba, Baba, lirudishwe kwenye matofali.

Mwanao,
Ipyana


Bujonde
3 Novemba 1996

Mwanangu Ipyana,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya chai ya kondakta. Tunaendelea. Mama yako amemaliza kuvuna karanga. Atuganile alikwenda Karonga na mchele, akarudi salama, nimeambiwa. Anyitike jirani yetu amefiwa na shangazi, tulizika Jumatano.

Umeuliza nani anaendesha. Gari linaendeshwa. Mtu anayeuliza hivyo ni polisi, na polisi wa mpakani hawajauliza, kwa hiyo wewe wa Dar es Salaam tulia.

Nikupe habari za chama. Jana ilikuwa mkutano wangu wa tatu. Umaarufu wa Selika yako ni zile taa zake, zinazolala ndani ya boneti na kufumbuka kama macho ya chura ukibonyeza. Wanawake wa kituo cha mafuta wanatuomba tufumbue na kufumba mpaka betri inalalamika. Oscar anasema Skailaini yake ina nguvu mara mbili. Nikamwambia, "Nguvu unazo wewe, lakini gari lako halijui hata kukonyeza." Akakasirika, akaninunulia soda.

Siti zinanuka kokoa. Nadhani zitanuka hivyo mpaka mwisho wa dunia. Wajapani wakiulizwa kwa Mungu watasema si sisi.

Halafu chama hiki si cha mbio peke yake, usifikiri tumeoza. Mwezi wa kumi tulimkimbiza mjamzito wa Ngana hospitali kwa Galanti, wengine tukifuata kwa heshima. Akajifungua salama. Mtoto wanataka kumwita Mitsubishi, mchungaji anakataa.

Kuhusu matofali: nimeyajengea jiko la mama yako. Limependeza.

Baba yako,
Israeli


Dar es Salaam
15 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mimi ni mzima. Kazini ni kama kawaida. Krismasi sitakuja, nauli zimepanda na likizo haijapangwa. Kwa sasa niandikieni kwa anwani niliyoandika hapa chini, ya rafiki yangu, ni rahisi zaidi.

Nina jambo moja. Nataka kuiuza Celica. Kuna mtu wa Mbeya anaitwa Hezroni, tulisoma naye ufundi, ni mwaminifu. Atakuja kuiangalia baada ya mvua za mwanzo. Kadi ya gari imo ndani ya Biblia yako kubwa, niliiweka mwenyewe kwenye kitabu cha Waamuzi. Naomba umpe.

Najua mmeizoea. Lakini ni gari tu, Baba.

Salimia wote.

Ipyana


Bujonde
19 Januari 1997

Mwanangu Ipyana,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula wali na kuku yule mkorofi aliyekuwa anadonoa watoto, sote tumemsamehe. Mama yako anakusalimu. Atuganile ameimba kwaya siku ya Krismasi na sketi mpya, nimeambiwa, na kidogo nimesikia mwenyewe.

Umesema ni gari tu. Sasa nakaa chini nikueleze ukweli wote, halafu useme tena.

Mwezi wa nane Atuganile alitoa gari bandani, akafunga betri mwenyewe, akaenda nalo kwenye mkutano wa chama. Alitaka kuingia. Sylvester akamfungulia katiba, kurasa mbili, akamsomea: mwenye gari awemo ndani ya gari. "Mwenye gari yuko Dar es Salaam, dada. Wewe ni mke wa mwenye gari." Akarudi, akalifunika, hakulalamika. Alimwambia mama yako tu, wakichambua mchele. Mama yako akaniambia mimi. Na mimi, unanijua, nikikatazwa mlango natafuta dirisha. Nikamtuma mama yako amwambie: baba wa mwenye gari naye ni mwenye gari. Mimi nitakuwa mzigo, yeye awe dereva.

Tatizo likawa milango miwili. Tulipanga siku nzima, mama yako akipeleka maneno kati ya nyumba na nyumba kama balozi. Hivi ndivyo tunafanya. Mimi natangulia. Nainamisha siti ya kushoto, natambaa nyuma, narudisha siti, navuta pazia. Ni kitenge cha Karonga chenye picha za funguo, amekishona mwenyewe, kinaning'inia kwenye waya toka ukuta hadi ukuta. Nikishajifunika napiga paa mara mbili. Ndipo anatoka ndani ya nyumba anaingia. Tukifika, anashuka kwanza, anaenda upande wa pampu kutazama bei ya mafuta, natambaa kutoka. Wageni wa kituo cha mafuta wananiona natoka nyuma ya pazia wanadhani ni waziri. Mmoja alinipa barua ya kuomba kazi.

Safari ya kwanza nilikaa nimetazama mbele. Pua yangu ikagusa kitenge, na jua likitokea mbele kivuli cha mkeo kinaonekana. Si adabu. Nikageuka, nikapiga magoti juu ya siti, nikatazama kioo cha nyuma. Ndiyo maana magari yote unayaona nyuma, bwana polisi. Barabara ya kwenda Kasumulu mimi sijaiona hata siku moja. Nimeiona ikiondoka.

Sasa lile pazia linaziba kioo chake cha ndani. Wa kumwonesha nyuma hana. Siku ile ile ya kwanza, anarudi nyuma kutoka kituoni, nikaona mbuzi. Nifanye nini? Kusema naye siwezi. Mbuzi naye ana watoto. Nikapiga kelele: "Wewe gari! Kuna mbuzi nyuma yako!"

Gari likasimama. Kisha nikasikia sauti mbele ya pazia, polepole: "Gari, mshukuru aliyekutazamia."

Tangu hapo hatusemezani, tunasema na gari. "Gari, Oscar anataka kupita kulia." "Gari, mwambie apite, ana haraka ya kwenda kuharibika." Alisema hivyo, Ipyana! Mkeo ana ulimi! Nilicheka mpaka nikagonga paa, akadhani ni ishara, akasimama katikati ya daraja.

Miaka tisa sauti yake nilikuwa naisikia kanisani tu, kwenye kwaya, na hata huko wimbo ukifika penye Israeli anafunga mdomo mpaka neno lipite. Taifa zima la Mungu analiruka kwa ajili yangu.

Kadi sijaiona. Kitabu cha Waamuzi sijakifungua, kina vita vingi.

Baba yako,
Israeli


Dar es Salaam
16 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya pili nilimsomea mwenzangu ninayekaa naye, akaomba nimsomee tena pale penye mbuzi.

Sikujua. Hakuniandikia hata neno moja. Nadhani mlikuwa na yenu wawili hamkutaka niyaguse, na sasa mimi ndiye ninayeyagusa. Nisamehe.

Lakini Hezroni atakuja mwezi wa tatu. Nimeshamwahidi. Tafadhali mpe kadi, na usiniulize sababu, Baba. Nakuomba hilo tu, usiniulize.

Ipyana


Bujonde
6 Aprili 1997

Mwanangu Ipyana,

Mvua imetupiga kweli. Bujonde ni ziwa dogo, ziwa lenyewe limekuja kutembelea. Mama yako ni mzima, goti limechoka kutabiri. Mpunga wa bondeni umelala, wa juu umesimama. Watoto wako wanavua usipa mtaroni kwa chandarua, na wanapata.

Hukutaka nikuulize, sikuulizi. Nitasimulia tu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu chama kilialikwa Mwaya kumsindikiza bibi harusi. Magari tisa, riboni nyekundu, mvua inamwagika kama imelipwa. Sylvester mbele na bibi harusi. Sisi wa nane, Oscar wa mwisho. Barabara ni tope, kila dereva ametoa macho mbele, waipa zinalia. Mimi peke yangu katika msafara wote nimetazama nyuma. Nikaona Skailaini inayumba, inageuka upande, inaingia mfereji wa mpunga taratibu kama ng'ombe anayekwenda kunywa.

"Gari! Simama! Oscar yuko majini!"

Atuganile akasimama. Akafumbua zile taa, akafumba, akafumbua, akabonyeza honi mpaka wa mbele wakageuka. Nikainama chini ya siti ili ashuke bila kuniona. Kamba ya kufungia magunia ilikuwa kwenye buti, akaifunga mwenyewe, nimeambiwa, gauni lake la kuendea harusini limejaa tope mpaka kiunoni, akamwambia Oscar, "Acha kunionesha usukani, sukuma!" Selika ikavuta. Maji yalikuwa yameshafika kwenye siti. Oscar alikuwa na mama yake mzazi ndani, Ipyana, na mlango wa upande wake ulikuwa umebanwa na udongo. Wengine wangefika Mwaya ndipo wahesabu magari.

Jioni, kabla ya ngoma, Sylvester alitoa ile katiba. Akakata mstari mmoja kwa kalamu. Akaandika mwanachama namba tisa: Atuganile. Watu wakapiga makofi. Kisha akakuna kichwa: "Na mzee je? Sasa si mwenye gari tena, kiti chake kwa sheria gani?"

Nikwambie, nilishainuka niende zangu. Nilijua limekwisha. Hapo nikasikia sauti ya mkwe wangu upande wa pili wa turubai, inasema na Selika iliyoegeshwa: "Gari, waambie kwamba bila macho ya nyuma wewe hutoki bandani."

Sylvester akaandika mstari mpya: Mtazama nyuma wa chama, mmoja, wa kudumu. Cheo hicho hakipo Mbeya wala Dar es Salaam. Nimeuliza.

Hezroni wako alikuja tarehe ishirini na mbili. Kijana mzuri, ana adabu. Nilimwambia gari liko kituo cha mafuta, limeoshwa, akalitazame. Kwa bahati, wanachama wote walikuwa wamekuja kuosha siku hiyo hiyo, na kwa bahati waliegesha kulizunguka, Galanti puani, Skailaini mkiani, mengine ubavuni, hata kuku asingepenya. Hakuna aliyemtisha. Sylvester alimwambia kwa upole kabisa, "Gari ni hilo, bwana, lichukue." Tukampa wali na samaki mbasa wa kuchoma. Akala, akatuzunguka, akacheka, akala tena. Akafungua boneti, akakaa muda mrefu anatazama. Akasema, "Mzee, injini hii imetunzwa na fundi anayeipenda. Mtu haiuzi hivi hivi." Nikamwambia sikumuuliza mwenye nayo, nimekatazwa. Akarudi Mbeya kwa basi. Sasa anatafuta Selika yake ili aingie chamani.

Naendelea kusimulia, siulizi. Ukutani kwetu kuna kalenda yenye picha ya lori. Ni ya mwaka jana. Kila Januari toka uanze kazi tulikuwa tunapata mpya. Mwaka huu mama yako anahesabu siku kwa kidole. Barua yako ya Septemba ilikuwa kwenye karatasi yenye jina la shirika juu. Tangu Desemba unaandika kwenye karatasi ya daftari la mstari, na sanduku la posta ni la mtu mwingine. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nimepewa cheo cha kutazama nyuma, na nyuma naona vizuri.

Mwisho nikueleze hali ya huku. Kuna magari tisa ya kasi na hakuna fundi karibu zaidi ya Mbeya. Sylvester akifungua boneti anatazama ndani kama mtu aliyeangusha ndoo kisimani. Skailaini ya Oscar imejaa maji ya mfereji, na chura. Sikuiti. Naeleza hali ya barabara tu.

Baba yako,
Israeli, Mtazama nyuma


Dar es Salaam
4 Mei 1997

Baba,

Shikamoo.

Ni tangu Oktoba. Walitusomea majina karakana nzima, mchana, tukakabidhi maovaroli. Nilitaka niuze gari, nianzishe kitu hapa, ndipo niwaambie nikiwa nimeshasimama. Niliona aibu kurudi na sanduku la spana baada ya miaka kumi na moja.

Wiki iliyopita nimepata barua ya Atuganile. Ukurasa mzima mweupe, katikati ameandika mstari mmoja: "Gari linakuuliza unarudi lini."

Liambieni nitafika tarehe saba Juni, siku ya mkutano. Nakuja na spana zote. Mwambie Oscar asiwashe Skailaini kabla sijafika, hata kama chura ametoka. Kadi ibaki Waamuzi.

Mwanao,
Ipyana


Bujonde
18 Mei 1997

Mwanangu Ipyana,

Ndaga fijo, asante sana. Mama yako amesoma barua yako jikoni, karibu na matofali yako, na machozi amesema ni moshi. Sote wazima. Atuganile anapaka chumba cha nyuma ya banda chokaa, sijui kwa nini, nimeambiwa ni cha kuwekea spana. Oscar nimemweleza, amelifunika gari lake na anamsalimu chura kila asubuhi. Sylvester ameitisha kikao kuzungumzia fundi wa chama, kikao cha dakika mbili, hakuna aliyepinga.

Sasa uelewe utaratibu kabla hujafika. Usukani hutaugusa. Ni wa mwanachama namba tisa. Wewe utakaa mbele kushoto, mikono magotini, ukisikia mluzi wa injini haukai sawa utasema, vinginevyo kimya. Mimi natangulia nyuma kama kawaida.

Na kuna kitu nakudai unilipe. Hujasahau. Ulipotaka kuoa ulikuwa na haya mpaka ulimi umekauka. Nani alitembea mpaka Ngana mara tatu, kwa wajomba wa Atuganile, kubeba maneno yako uliyoshindwa kuyasema? Mara ya pili mbwa alinirarua suruali. Ulisema, "Baba, siku moja nitakubebea na wewe." Nimetunza neno hilo miaka kumi, sasa nalitaka.

Nilifikiri ombi langu nilipitishe kwa gari, nikashindwa. Kuna maneno hata gari halibebi; mkeo angedhani nataka kumwona, na mimi sitaki avunje heshima yake hata kidogo. Kwa hiyo mbebee wewe, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnakula.

Mwambie mkeo ashushe lile pazia, vidole vinne tu toka kwenye paa. Ubavu wa kwake alikaze liwe kama lilivyo. Ashushe upande wa kushoto, nyuma ya siti yako, mahali ambapo hata nikitazama nitaona kisogo chako na kioo cha mbele. Siku hiyo Oscar hatakuwepo nyuma yetu, gari lake litakuwa limefunguliwa, kwa hiyo nyuma hakuna hatari. Nitageuka mara moja tu, kuanzia daraja mpaka Kasumulu.

Barabara ile nimeiona inaondoka Jumamosi nane. Vidole vinne, Ipyana. Nataka niione inakuja.

Baba yako,
Israeli